Kanda za hesabu za zamani: Kununua mashine pekee hakutoshi

Mashine za kusomea kanda za kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 hazitengenezwi tena. Zinazopatikana sokoni ni za mitumba, na kwa kawaida muuzaji huziuza kama zilivyo, bila dhamana yoyote. Hata hivyo, bado zina wateja. Wamo wenye kampuni, vyama vya ushirika na ofisi za uhasibu ambao leja zao za wakati ule ziliwekwa katika kanda, na leo wanahitaji kuzisoma.

Si ajabu mnunuzi wa namna hiyo kuishia njiani. Mashine inafika, inaunganishwa, taa inawaka, kanda inaingia, kisha kompyuta inatoa ujumbe wa kosa. Mnunuzi anakata shauri kuwa kanda imekufa au kwamba ameuziwa kitu kibovu. Anatafuta mashine nyingine na kulipa mara ya pili. Huenda mashine ni nzima na kanda ni nzima, ila keneli ya kompyuta haijapangwa kuisoma kanda hiyo.

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayosimama kati ya programu na vifaa vya kompyuta. Kila kifaa huhitaji kiendeshi chake ndani ya keneli, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho. Diski na kibodi hupata viendeshi vyao bila mwenye kompyuta kujua. Mashine ya kanda ya zamani haina bahati hiyo.

Thamani ya kanda

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ahangaikie hesabu za miaka 25 au 30 iliyopita. Kwa upande wa kodi swali hilo lina msingi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huohuo, kwa kawaida zinadai kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

Lakini kodi si mwisho wa mambo. Mfanyakazi anayedai mafao ya miaka aliyofanya kazi, mrithi anayefuatilia hisa za marehemu, mshirika anayepinga mgawanyo wa mali, mnunuzi wa kampuni anayetaka kujua deni la zamani lililipwa lini, wote hawa wanahitaji orodha za wakati ule. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kampuni iliyochoma karatasi zake na kubaki na kanda, daftari ni kanda hiyo.

Kanda zenyewe hazifanani

Jambo la kwanza ni kuijua kanda kabla ya kutafuta mashine. Biashara ndogo za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilipenda kanda za QIC-40 na QIC-80. Zilikuwa za bei nafuu kwa sababu mashine yake iliunganishwa kwenye kebo ya diski laini, bila kadi ya ziada. QIC-80 ilibeba megabaiti 80, na zaidi ya hapo kwa kanda ndefu au kwa kubana data. Mashine za Colorado Memory Systems, kampuni iliyonunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 1992, zilikuwa miongoni mwa zilizojulikana sana.

Ofisi kubwa kidogo zilitumia DDS, kanda ndogo iliyotokana na kanda ya muziki ya DAT na kuletwa na Sony na Hewlett-Packard mwaka 1989. DDS ya kwanza ilibeba hadi gigabaiti 2, DDS-3 gigabaiti 12 na DDS-4 gigabaiti 20. Wenye seva kubwa walikwenda kwenye DLT, teknolojia ya Digital ambayo Quantum iliinunua mwaka 1994. Mwaka 2000 ikaja LTO, ambayo ndiyo inayotawala soko la kanda hadi leo.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa mnunuzi. Mashine nyingi za DDS na DLT hutumia njia ya SCSI, nayo inahitaji kadi yake, kebo yenye idadi sahihi ya pini na kizibo cha kufunga mwisho wa njia. Kizibo kikikosekana, makosa huja na kuondoka bila utaratibu. Kompyuta nyingi mpya hazina hata tundu la kuchomekea kadi ya SCSI ya zamani. Kwa hiyo bei ya mashine ya kanda isihesabiwe peke yake. Ijumlishwe na kadi, kebo na kompyuta ya umri unaolingana.

Kiendeshi kilichopo na kilichoondolewa

Kwa kanda za SCSI, mfumo wa Linux, ambao hupatikana bure, bado una kiendeshi kinachoitwa st. Kiliandikwa upya na Kai Mäkisara wa Finland mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kimeendelea kutunzwa. Anayejiundia keneli anatakiwa kuwasha chaguo la CONFIG_CHR_DEV_ST, ama liwe ndani ya keneli moja kwa moja au liwe moduli inayopakiwa inapohitajika. Aidha, kiendeshi cha kadi ya SCSI lazima nacho kiwepo. Bila hicho, st haina njia ya kuifikia mashine.

Kwa kanda za QIC-40 na QIC-80 habari ni nyingine. Hizo zilitegemea kiendeshi cha ftape, ambacho kiliondolewa katika keneli ya Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007. Anayechukua Linux mpya na kuunganisha mashine ya Colorado hataona kitu, hata kama kila waya uko mahali pake. Mwaka 2025 mtaalamu mmoja wa programu alitangaza kuwa ameirekebisha ftape ifanye kazi tena na keneli za sasa. Hata hivyo, njia iliyozoeleka ni kutafuta kompyuta ya zamani yenye kidhibiti cha diski laini na kuiwekea Linux ya kabla ya 2007.

Ukubwa wa bloku ndio kikwazo kikuu

Data katika kanda haiandikwi mfululizo kama maneno katika mstari. Huandikwa kwa mafungu yaitwayo bloku. Programu moja iliandika bloku za baiti 512, nyingine 10,240, nyingine zaidi ya hapo. Kiendeshi cha st kina njia mbili za kuzisoma. Katika njia ya kwanza, kila bloku ina ukubwa mmoja uliotajwa mapema. Katika njia ya pili, kiendeshi hupokea bloku ya ukubwa wowote kama ilivyo kwenye kanda.

Mashine ikipangwa kusoma bloku za baiti 512 huku kanda ina bloku za 10,240, jibu ni kosa, na kosa hilo hufanana kabisa na la kanda iliyoharibika. Hapa ndipo kanda nzima hutupwa jalalani.

Dawa yake ni fupi. Amri ya mt -f /dev/nst0 setblk 0 huiweka mashine katika njia ya pili. Kisha bloku moja husomwa kwa programu ya dd, ikipewa nafasi kubwa kuliko bloku inayotarajiwa, kwa mfano kilobaiti 256. Faili inayopatikana hupimwa ukubwa, na ukubwa huo ndio wa bloku. Ukiwa 10,240, inaelekea kanda iliandikwa na programu ya tar kwa mpangilio wake wa kawaida, yaani vipande 20 vya baiti 512. Endapo dd itajibu kuwa imeshindwa kupata kumbukumbu ya kutosha, kompyuta haina upungufu wowote. Maana yake ni kwamba bloku ni kubwa kuliko nafasi iliyotolewa, na nafasi hiyo iongezwe.

Zipo mashine ambazo hazikubali njia ya pili. Za QIC-150, kwa mfano, hufanya kazi kwa bloku za baiti 512 tu. Hizo hupewa amri ya setblk 512.

Mipangilio mingine ina uzito mdogo zaidi. Kiendeshi hutenga kilobaiti 32 za kumbukumbu kama ghala la muda, na kiasi hicho huweza kubadilishwa kwa chaguo la buffer_kbs. Keneli za sasa huliongeza ghala hilo zenyewe bloku zikiwa kubwa, hivyo ni nadra kuligusa. Msongamano wa maandishi kwenye kanda nao kwa kawaida hutambuliwa na mashine yenyewe wakati wa kusoma.

Muda wa kusubiri unahitaji kueleweka. Kiendeshi cha st hungoja sekunde 900, yaani dakika 15, kabla ya kuikatia tamaa kazi ya kawaida, na sekunde 14,000 kwa kazi ndefu. Mashine iliyo kimya kwa dakika kumi si lazima iwe imekwama. Kuizima katikati ya kazi kunaweza kukata kanda.

Mipangilio ya mt hupotea moduli inapopakiwa upya au kompyuta inapozimwa. Anayesoma kanda nyingi huiandika katika faili ya /etc/stinit.def, kwa jina la mtengenezaji na aina ya mashine, na programu ya stinit huirudisha kila kompyuta inapowashwa. Kwa kila mashine faili hiyo hukubali mipangilio minne tofauti. Hilo linamfaa mwenye kanda zilizoandikwa na programu mbalimbali.

Hasara isiyofidika

Makosa yote yaliyotajwa hadi hapa yanarekebishika. Lipo moja lisilorekebishika.

Linux huipa mashine moja majina mawili. Likitumika jina la /dev/st0, kanda hujirudisha mwanzo kila kazi inapokwisha. Likitumika /dev/nst0, hubaki pale ilipofika. Kanda moja huweza kuwa na mafaili kadhaa yaliyofuatana, mathalani hesabu za Januari, kisha Februari, kisha Machi. Anayetumia st0 atasoma Januari mara tatu na kuamini kuwa kanda haina kingine.

Hatari yenyewe iko katika kuandika. Fundi anayetaka kuhakikisha mashine inafanya kazi huweza kuandika faili ndogo ya majaribio. Ikiwa kanda iko mwanzo, faili hiyo hukalia hesabu za zamani, kisha mashine huweka alama ya mwisho wa data mara baada yake. Kwa DDS, DLT na LTO, mashine haitakubali kwenda mbele ya alama hiyo. Data iliyobaki bado iko kwenye utepe, lakini mwenye mali hawezi kuifikia kwa njia za kawaida. Kilobaiti chache za majaribio zimefunga gigabaiti za hesabu.

Kwa sababu hiyo kanda ifungwe isiandikike kabla ya kuingizwa kwenye mashine yoyote. Kwenye DDS, kidude cha kusukuma huachwa tundu likiwa wazi. Kwenye kanda kubwa za QIC, mshale huzungushwa uelekee neno SAFE. Majaribio yafanywe kwa kanda tupu au isiyo na thamani.

Mpira wa mashine za QIC nao uangaliwe. Gurudumu la mpira linalosukuma kanda hulainika na kunata kadiri miaka inavyopita, na mkanda mwembamba ulio ndani ya kasha la QIC huweza kukatika. Gurudumu lenye utomvu likikutana na kanda pekee iliyopo, hakuna mpangilio wa keneli utakaosaidia.

Kwa mnunuzi na mwenye kanda

Anayeingia sokoni kununua mashine anashauriwa kuuliza mambo manne: inatumia njia gani ya kuunganishwa, inasoma kanda za kizazi kipi, hali ya mpira wake ikoje, na je, muuzaji yuko tayari kuionyesha ikisoma kanda mbele ya mnunuzi. Taa kuwaka si ushahidi wa kusoma.

Kwa anayepeleka kanda kwa fundi, masharti yawe kwenye maandishi. Kanda ifungwe isiandikike, isomwe yote mara moja na kuhifadhiwa kwenye diski kama ilivyo, na uchambuzi wa mafaili ufanywe kutoka kwenye nakala hiyo. Kila kupita kwa kanda ya zamani kwenye mashine ni hatari nyingine.

Wenye kanda za LTO nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Hadi kizazi cha 7, mashine ya LTO ilisoma kanda za vizazi viwili vya nyuma. Kizazi cha 8 kilirudi nyuma kizazi kimoja tu. LTO-10 ya mwaka 2025, iliyoanza na kanda ya terabaiti 30, haisomi kanda za kizazi chochote kilichotangulia. Kampuni inayouza mashine yake ya zamani ili kununua mpya, kabla ya kunakili kanda zake, inajiingiza katika soko la mitumba la kesho.

Gharama ya kunakili leo inajulikana, na mwenye kanda anaweza kuipangia bajeti. Miaka kumi ijayo atalazimika kulipa kwa bei ya mwenye mashine, iwapo mwenye mashine atapatikana.