Norway: Msumeno wa kuni huchaguliwa kwa breki kabla ya nguvu

Norway ina zaidi ya nyumba 400,000 za mapumziko, nyingi zikiwa milimani na misituni, ambako wengi huota moto wa kuni. Anayekwenda kununua msumeno mpya wa mnyororo, maarufu kama pawa-so, hushawishika kuchukua ulio mkubwa. Hana haja: magogo mengi ya kuni hukatwa vyema na ubapa wa sentimita 35, na msumeno mwepesi hauchoshi mikono.

Wa betri hauna moshi, ila betri huishiwa nguvu mapema katika baridi kali. Wa petroli huhitaji mafuta yaliyochanganywa na oili, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50.

Hatari kuu iko nchani. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo, msumeno hurushwa kuelekea uso wa mkataji, upesi kuliko awezavyo kukwepa. Breki ya mnyororo, yenye kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ndiyo huuzuia mnyororo usiendelee kuzunguka. Mahali palipo mbali na hospitali, hiyo ndiyo ya kujaribiwa kwanza dukani. Bajeti ibakize pia fedha za suruali maalumu, ambayo nyuzi zake huukwamisha mnyororo kabla haujafika mguuni.