Akiba ya Chungu Haitunzwi na Moto

Wahenga walisema akiba haiozi, na bila shaka waliposema hivyo walikuwa wakifikiria fedha iliyofichwa kibindoni, si chakula kilichobaki chunguni. Akiba ya chungu huoza, tena upesi. Hapa kwetu pwani kila mtoto anajua kwamba mchuzi wa nazi ulioachwa jikoni tangu magharibi huweza kuchacha kabla ya adhana ya alfajiri. Ndiyo maana mwiku, yaani kile kiporo cha usiku, kwetu huliwa asubuhi na mapema. Haungojwi adhuhuri.

Lakini msomaji akipanda bara hadi Embu na Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, atakuta desturi nyingine. Huko chakula kilichozoeleka ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo Wameru huyaita muthere na Wakikuyu huyaita githeri, jina ambalo sasa limeenea Kenya nzima. Aghalabu mama wa huko hachemshi muthere wa siku moja. Huchemsha sufuria kubwa, akaiepua, kisha kila jioni huchota kiasi cha kuwatosha watu wake, akakikaanga kwa kitunguu, mafuta na nyanya, pengine akatia na viazi au mboga. Siku ya pili na ya tatu sufuria ni ile ile.

Desturi hii ina sababu zake, wala si uvivu. Ya kwanza ni kuni. Mahindi makavu na maharagwe yasiyorowekwa huweza kutaka saa tatu za moto na zaidi kabla hayajalainika. Ya pili ni mlima wenyewe. Mji wa Meru uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Maji yatatokota mbele ya macho ya mpishi, walakini hayana ukali wa maji ya pwani, na punje huchelewa kuiva. Mtu aliyekwisha kugharimia moto kama huo hapendi kuuwasha upya kila siku. Ya tatu ni baridi ya usiku, ambayo humsaidia mama kwa kuchelewesha chakula kuchacha.

Tena kuna busara nyingine ambayo mgeni huenda asiione. Kinachowekwa ni punje tupu zilizochemshwa. Mafuta, nyanya na viazi hungoja siku ya kuliwa. Cha akiba hakichanganywi na kiungo chake.

Hata hivyo, desturi ikihama, hali ya hewa haihami nayo. Jamaa aliyetoka Meru akaja kufanya kazi Mombasa, akaiacha sufuria ya muthere mezani kwa siku tatu kama ilivyokuwa kwao, ataifunua akute povu na harufu. Hata huko mlimani baridi ya usiku haimalizi hatari. Huipunguza tu.

Siku hizi friji zimeingia katika nyumba nyingi, za pwani na za bara, na pamoja nazo imekuja akiba ya aina mpya: sinia ya makaroni ya kuoka. Makaroni na tambi si vitu vigeni kwetu. Wasomali, ambao ni wengi huko Isiolo, jirani ya Meru, huziita baasto, neno walilolipata kwa Waitalia waliotawala Somalia ya kusini. Mama huchanganya makaroni na nyama ya kusaga, mayai na maziwa, akayaoka katika tanuri au katika sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini. Katika Ramadhani sinia moja huandaliwa kwa futari, na nusu yake hubaki. Basi hiyo nusu iwekwe vipi, na ipashwe vipi?

Wengi wetu huutegemea moto. Twasema, kikichemka tena kimepona. Hapo ndipo penye hatari.

Yuko kijidudu ambaye wataalamu humwita Bacillus cereus. Huishi udongoni, na kwa hiyo hufika kwenye nafaka, mchele na unga. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikiachwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaana, na baadhi ya aina zake hutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Ukikipasha chakula hicho hata kikatoa mvuke, huenda umewaua wadudu, lakini sumu yao imebaki sahanini. Mwaka 2008, huko Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alipasha moto tambi zilizopikwa siku 5 kabla na kuachwa jikoni nje ya friji. Akala, na alfajiri ya pili hakuiona. Kisa chake kiliandikwa na wataalamu mwaka 2011 ili watu wapate kujihadhari.

Wala somo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2004, katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Kenya, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu na kufanya sumukuvu. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, hususan katika Makueni na Kitui. Chakula chao kilipikwa kikaiva, na kupikwa hakukuwaokoa. Sumu hii ni mbali na ile ya tambi, lakini zote mbili zatufundisha kwamba moto hautakasi kila kitu.

Basi chakula hutunzwa na baridi iliyowahi, si na moto uliochelewa. Anayetaka kuweka makaroni yake asiyaivishe mno, kwa kuwa yatalainika tena yakipashwa. Yakishaokwa, yakatwe vipande, yatandazwe katika sahani pana ili yapoe upesi, na yaingie baridini kabla saa mbili hazijapita tangu kuepuliwa. Sufuria nzima iliyojaa hubaki na joto katikati kwa saa nyingi, hata ndani ya friji. Kila kipande kifungwe vizuri na kuandikwa tarehe. Katika barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ladha yake itadumu miezi miwili au mitatu. Na ijulikane kwamba barafu haiui wadudu. Huwalaza tu.

Siku ya kula, kipande kishushwe usiku katika sehemu ya chini ya friji kiyeyuke humo, kisiachwe mezani. Kipashwe kikiwa kimefunikwa, mpaka katikati pawe moto wa kutoa mvuke, kisha kiliwe kiishe. Kilichopashwa mara moja kisirudishwe. Muthere nao hukubali kanuni hiyo hiyo, madhali umewekwa bila viazi, kwani kiazi kikiganda hutoka maji na kuwa kama sifongo.

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi baridi yake kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Chakula kilichoyeyuka na kupata vuguvugu kwa muda usiojulikana kisijaribiwe kwa ulimi, maana sumu tuliyoitaja haina harufu wala ladha.

Kutupa chakula hutuumiza moyo, kwa kuwa tumelelewa kuchukia israfu. Walakini israfu haianzi pale kinapotupwa. Huanza jana yake, pale sinia ilipoachwa mezani na watu wakaenda kulala.