Mboga za Watoto Katika Mwaka wa Jua Kali

Mama mwenzangu, je, umewahi kumwagilia tuta asubuhi na jioni, na bado saa sita mchana ukakuta mboga zimelala kama nguo zilizoanikwa? Mimi yamenikuta. Ilikuwa Novemba 2022, hapa Dodoma. Mvua zilichelewa, maji ya bomba yalikuwa ya mgao, nami nikawa nanunua maji kwa kijana wa mkokoteni. Fungu la mchicha sokoni lilizidi kuwa dogo kila wiki, na nyumbani nina watoto wanne. Nikaona heri nguo zao zisubiri kufuliwa, ndoo mbili ziende bustanini. Hata hivyo sukuma wiki ilikauka yote, na nyanya zikachanua na kudondosha maua bila kuzaa hata moja.

Bibi mmoja jirani, Mgogo, alipita akasimama kwenye ua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mboga umezipandisha mezani? Huku kwetu zinakaa shimoni."

Nilicheka, lakini alisema kweli. Mimi nimekulia mlimani kwenye mvua nyingi, ambako tuta huinuliwa ili maji yasiozeshe mizizi. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tuta lililoinuka hapa hupigwa na jua na upepo pande zote, na maji uliyoyanunua hutiririka pembeni.

Basi tukachimba. Shimo la kitalu liwe na upana wa mita moja, ili ufikie katikati bila kukanyaga, na kina cha sentimeta 30. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha uurudishe. Usijaze mpaka juu. Acha kitalu kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimeta 10 hivi. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo yakazama. Samadi mbichi usitie, itaunguza miche.

Juu yake tandaza nyasi kavu au mabua, unene wa vidole vinne, mbali kidogo na mashina. Hapa ndipo akina mama wengi huchoka, kwa sababu mchwa wanayapenda matandazo kuliko sisi. Funua kila baada ya siku chache ukague. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kubeba ndoo.

Mwagilia jioni au alfajiri. Ni afadhali kulowesha sana mara moja na kuacha siku mbili au tatu, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa maana mizizi hufuata maji yaliko. Ingiza kidole ardhini: kama chini bado pana unyevu, subiri. Maji ya kuoshea mboga na mchele yafaa sana. Ya kusuuzia vyombo mwaga kwenye udongo, si kwenye majani. Yenye sabuni nyingi yaache.

Ukiwa na chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kizike katikati ya kitalu, mdomo ubaki nje, ukijaze maji na kukifunika kwa sababu ya mbu. Maji hupenya taratibu kadiri udongo unavyokauka. Wakulima wa China walifanya hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Kuhusu tarehe za kupanda, mimi siziamini tena. Mvua ya kwanza ikinyesha, panda robo tu ya mbegu zako, nyingine baada ya wiki mbili, na kuendelea. Nayo mvua kubwa usiiache ipite. Uchunguzi wa visima vya Makutupora, karibu na mji huu, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maji ya chini hujazwa hasa na miaka michache ya mvua nyingi mno, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Nasi tukazungushia vitalu vifereji vinavyoleta maji ya paa.

Mboga zenyewe ni za hapa hapa: mlenda, mgagani, mchicha, kunde, matembele. Majani ya kunde huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Yakizidi, bibi amenifundisha kuyakausha na kuyaweka kwenye chungu mpaka kiangazi. Mlenda vivyo hivyo. Watoto walinung'unika mwanzoni, mpaka nilipoutia karanga.

Nyanya bado zinanishinda. Joto likizidi nyuzi 35 maua hudondoka, hata nikizijengea kivuli cha mabua upande wa magharibi. Mwezi Oktoba na Novemba nanunua za sokoni, na shimo lao nalipanda kunde.