Jaketi la kuokoa maisha lisipokaa sawasawa laweza kukuzamisha

Familia nyingi za mijini hukumbuka majaketi ya kuokoa maisha mara moja tu kwa mwaka, wakati wa likizo, zinapopanda boti kutoka Shimoni kwenda Wasini, kutoka Mokowe kwenda Lamu, au zinapotaka kutazama viboko katika Ziwa Naivasha. Baharia huchomoa rundo la majaketi ya rangi ya machungwa kutoka chini ya viti, humpa kila abiria lake bila kumtazama umbo, na safari huanza. Kuna wanaoliweka mapajani. Kuna wanaolivaa kama koti la kawaida, bila kulifunga. Watoto nao huvishwa majaketi ya baba zao, yakawafika magotini, na watu wote wakacheka.

Jambo hili si la kuchekwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Jaketi ni kinga ya hakika dhidi ya kifo cha aina hii, mradi liwe linamtosha mvaaji na lisalie mahali pake aingiapo majini. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ili kuelewa kosa lenyewe, ni vyema kujua kazi ya jaketi. Mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana sana na wa maji. Kwa hivyo mtu hahitaji nguvu nyingi ili kuelea: nguvu ya ziada ya kubeba kilo 3 hadi 5 hivi inatosha kuviweka kinywa na pua ya mtu mzima juu ya maji. Taabu yote imo kichwani. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na kinapokuwa nje ya maji hakibebwi na maji hata kidogo. Jaketi lipo ili kukibeba.

Sasa tazama yanayotokea mtu anapotumbukia. Jaketi linavutwa juu kwa nguvu, ilhali mwili unavutwa chini. Kama mikanda imelegea, kila kimoja kitakwenda njia yake. Jaketi litapanda hadi masikioni, kola yake ifunike kinywa na macho, na mabega yateleze chini. Mtu aliyepatwa na hofu huinua mikono ili ashike chochote, na akiinua mikono, jaketi lisilofungwa humtoka kichwani mara moja. Hata lisipomtoka, atakuwa ananing'inia ndani yake, kinywa kikiwa sawa na usawa wa maji, na kila wimbi dogo likimwingia.

JINSI YA KULIPIMA

Kipimo chake hakigharimu chochote na hakichukui dakika mbili. Vaa jaketi, funga zipu na bizimu zote, kisha vuta mikanda ukianzia ya kiunoni, ndipo uje kwenye ile ya kifuani. Ukianza na ya juu, jaketi hubanwa likiwa limepanda, na ya chini haitaweza kulirudisha. Likiisha kufungwa, inua mikono yote miwili juu na umwombe mwenzako alivute jaketi kutoka mabegani, kwa nguvu, si kwa adabu. Likifika kidevuni au masikioni, ama hujalikaza vya kutosha ama ni kubwa kwako. Lisipopanda, na bado unaweza kuvuta pumzi ndefu na kuinama bila kukabwa, hilo ni lako.

Majaketi ya watu wazima huchaguliwa kwa kipimo cha kifua, si kwa uzito. Wengi hudhani kwamba mtu mnene ndiye anayehitaji jaketi lenye nguvu zaidi. Kinyume chake ni kweli: mafuta mwilini huelea, na kijana mwembamba mwenye misuli ndiye anayezama haraka. Mnene anahitaji tu mikanda mirefu inayomzunguka.

Anayetaka uhakika zaidi alijaribu jaketi lake majini, mahali penye kina cha kifuani na pana mtu wa kumtazama. Akunje magoti, alegeze mwili na kuegemeza kichwa nyuma. Ikiwa kinywa kinabaki juu ya maji bila yeye kupiga mikono, kazi imekamilika.

Majaketi mengi mazuri yana mkanda mmoja zaidi ambao abiria wengi huuacha ukining'inia kwa kutoujua, au kwa haya. Huu ni ule unaopita katikati ya mapaja, kutoka nyuma hadi mbele. Kwa kweli ndio unaolizuia jaketi kupanda, hasa kwa mtoto, na kwa mtu mwenye tumbo kubwa ambaye mkanda wa kiunoni hauna pa kushika. Mwanamke aliyevaa rinda au buibui huona tabu kuupitisha, na si haki kumlaumu; waliotengeneza majaketi hayo hawakumfikiria. Anaweza kuvaa suruali ndani na kuikusanya nguo ya juu kabla ya kupanda boti. Asipoweza, basi achague jaketi linalomfaa barabara kifuani na mkanda wa kiunoni ukazwe chini ya mbavu, mahali penye kiuno chembamba. Jambo moja halina mjadala: jaketi la sponji huvaliwa juu ya nguo zote, kamwe si ndani ya buibui au koti la mvua.

MTOTO MGONGONI

Mtoto hapimwi kwa umri wala kwa kifua bali kwa uzito. Kanuni za kimataifa za vyombo vya majini hugawa majaketi katika makundi matatu: ya watoto wachanga wasiofika kilo 15, ya watoto wa kilo 15 hadi chini ya 43, na ya watu wazima kuanzia kilo 43. Kipimo huandikwa kwenye lebo. Kumnunulia mtoto jaketi kubwa ili "akue nalo", kama tunavyofanya na sare za shule, ni kumnunulia kitu cha kumziba pua. Jaketi la mtoto mdogo linapaswa kuwa na kola ya kukibeba kichwa, mkanda wa mapajani, na mpini mgongoni wa kumnyanyulia. Mwinue kwa kulishika jaketi mabegani. Kidevu na masikio yake yasitumbukie ndani.

Kuna desturi moja ambayo inafaa kusemwa waziwazi. Akina mama wengi huingia botini wakiwa wamembeba mtoto mgongoni kwa leso, na jaketi likavaliwa juu au mbele yake. Jaketi zuri limeundwa ili limlaze mtu chali, uso ukitazama juu. Mama akilazwa chali, mtoto aliyefungwa mgongoni yuko chini yake, ndani ya maji, na fundo la leso iliyolowa halifunguki upesi. Mfungue mtoto kabla ya kupanda, avishwe jaketi lake, na umpakate mbele. Ikiwa boti haina jaketi la ukubwa wake, mwulize nahodha kabla hujalipa nauli. Akikujibu kwamba safari ni fupi, subiri boti nyingine.

Hoja ya ufupi wa safari haina maana. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa ikiwa karibu mita 40 tu kutoka ukingoni, na watu 272 wakafa. Vilevile hakuna anayepaswa kusema kwamba atalivaa hatari itakapotokea. Asiyejua kuogelea huweza kuzama kabla ya dakika moja kwisha, mara nyingi bila kupiga kelele, na kulivaa jaketi ukiwa majini ni kazi ngumu hata kwa mwogeleaji hodari.

Sio kila kinachoelea ni jaketi la kuokoa maisha. Lebo huonyesha nguvu ya kuelea kwa kipimo cha nyutoni, na nyutoni 10 ni sawa na kubeba kilo 1 hivi. Fulana ya nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, haitamgeuza aliyezimia. La nyutoni 100 linafaa maji yaliyotulia, na la 150 linafaa bahari kuu. Fulana wanazovaa wapiga mbizi huko Watamu na Diani, zinazotiwa hewa kutoka kwenye mtungi, zina kazi nyingine. Zinamsaidia mpiga mbizi kupanda na kushuka, na baadhi zikijazwa hewa zote mgongoni humsukuma mbele, uso majini. Hizo nazo zisipokazwa kiunoni hupanda na kuvuta mtungi ukamgonga kisogoni, lakini mwenye kuzivaa huwa amefunzwa.

La ndege nalo lina sheria yake. Mnamo Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Baadhi yao walinusurika katika mshindo wenyewe lakini walikuwa wameyajaza majaketi yao hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini na hawakuweza kupiga mbizi kutafuta mlango. Jaketi la hewa hufungwa mwilini ukiwa ndani ya ndege na kujazwa ukiwa mlangoni, unapotoka.

KULITUNZA

Zamani majaketi yalijazwa sufi, ile ile ya msufi tunayotia kwenye mito huko pwani. Ilielea vizuri hadi mfuko wake ulipotoboka. Hapo ilinyonya maji, na ikiguswa na mafuta ya injini iliharibika. Siku hizi hutumika sponji isiyonyonya maji, lakini nayo huzeeka. Likaliwe kama mto kila siku, au liachwe juani miezi na miezi, sponji hubonyea na kupoteza nguvu, na nyuzi za mikanda hukatika. Libonyeze kwa kidole: lisiporudi upesi, au likatoa unga mkavu, halifai. Vuta kila mkanda, tazama bizimu kama imepasuka, na piga filimbi kama ipo. Likilowa maji ya chumvi, lioshe kwa maji baridi na ulianike kivulini penye upepo, mbali na jiko.