Kifaranga akilemaa miguu, chunguza chakula chake

JE, mfugaji, umewahi kununua vifaranga wa siku moja, wakachangamka juma la kwanza, kisha kufikia juma la tatu ukawaona baadhi yao wakijikokota kwa magoti? Wengi hapo hukimbilia dawa. Huenda kasoro imo katika chombo cha chakula.

Mifupa ya kifaranga hujengwa kwa madini ya kalsiamu na fosforasi. Yakipungua, au vitamini D ikikosekana, mifupa haikomai. Ubonyeze mdomo wake: ukipindika kama mpira, hayo ni matege.

Upungufu wa manganizi una dalili zake. Mfupa huwa mgumu, lakini kiungo cha mguu hufura na kano ya nyuma huteleza kutoka mahali pake. Mguu hupinda kando, na kifaranga hushindwa kufikia maji na chakula. Huyo hawezi kupona; madini utakayoongeza yatawaokoa wenzake tu.

Ukichanganya chakula mwenyewe nyumbani, jihadhari zaidi. Mahindi hushibisha, lakini yana kalsiamu na manganizi kidogo mno. Fosforasi iliyomo katika pumba nayo, sehemu kubwa kifaranga hawezi kuitumia. Ongeza unga wa mifupa au omena safi, pamoja na mchanganyiko wa madini na vitamini unaouzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Fuata kipimo kilichoandikwa. Kifaranga huhitaji miligramu 60 hivi za manganizi katika kila kilo ya chakula, kiasi ambacho huwezi kukadiria kwa mkono.

Wala usidhani chokaa nyingi ndiyo tiba. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali kifaranga anahitaji asilimia 1 hivi. Ukimpa hicho ili kubana matumizi, figo zake huharibika, na kalsiamu iliyozidi huzuia mwili kutumia manganizi na zinki. Mpe chakula cha vifaranga hadi atimize wiki 8.

Hata hivyo, si kila anayechechemea amekosa madini. Ugonjwa wa Marek, unaoletwa na virusi, pia hupoozesha miguu. Ukiona wawili watatu wamelemaa, mwite daktari wa mifugo mapema. Akifika, usimwonyeshe kuku peke yake. Mwonyeshe na gunia la chakula.