Bledi ya Nyuma na Mikono ya Trekta

Bledi ya nyuma ni bamba la chuma lililopinda kidogo, lenye ukingo mgumu wa kukatia upande wa chini, linalofungwa nyuma ya trekta ili kusawazisha udongo. Masika yakishaharibu njia za shambani, bledi ndiyo hurudisha mgongo wa barabara, huzibua mifereji ya pembeni na kusambaza kifusi. Haina injini wala viungo vingi, na kwa sababu hiyo madereva wengi huiona zana isiyo na hatari. Lakini kinachovunjika mara nyingi si bledi yenyewe, bali mikono inayoishika.

Mikono hiyo ni mitatu: miwili chini, mmoja juu katikati. Mpango huo uliendelezwa na Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland, akautumia katika trekta alilolitoa mwaka 1936. Kuanzia 1939 ukafungwa pia katika matrekta ya Ford. Kabla ya hapo, jembe la kukokotwa liliponasa kwenye jiwe huku magurudumu ya nyuma yakizidi kusukuma, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Ferguson aliufanya mkono wa juu upokee msukumo wa jembe na kulirudisha trekta chini. Kazi iliyokusudiwa basi ni hii: trekta likienda mbele, mikono ya chini huvuta na wa juu husukumwa.

Dereva anaporudi nyuma akisukuma udongo kwa bledi, mambo hugeuka. Mikono ya chini hubanwa kati ya uzito wa trekta zima na chochote kilichoko nyuma. Fimbo ndefu ya chuma huvumilia kuvutwa kuliko kubanwa, ikizidiwa hupinda. Mkono wa juu nao huanza kuvutwa, na kishikio chake kilichofungwa nyuma ya trekta, penye nyumba ya difu, kinaweza kupasuka. Hapo hasara si ya pini ya kufungia mkono tena. Kurudi nyuma kwa bledi kunafaa kwa udongo uliokwisha kulegea tu, kwa gia ya chini kabisa. Tuta gumu hulegezwa kwanza kwa jembe, kisha huparwa kidogo kidogo trekta likienda mbele.

Hatari nyingine ni bledi iliyotegwa mshazari. Ncha ya bledi ya mita 2 iko karibu mita 1 kutoka katikati. Ikigonga kisiki, urefu huo huwa wenzo unaoisokota mikono na kuzivuta kwa nguvu cheni za pembeni. Mwendo huzidisha pigo kuliko wengi wanavyodhani: trekta la kilomita 8 kwa saa hubeba nguvu ya mgongano mara nne ya lile la kilomita 4. Penye mawe au visiki, mwendo wa mtu anayetembea taratibu unatosha, na ni busara kulikagua eneo kwa miguu kwanza, hasa palipo na mabomba ya maji. Kona nayo haikatwi bledi ikiwa imezama ardhini.

Pini zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa. Pini za chini za mikono ya daraja la kwanza zina kipenyo cha milimita 22, za daraja la pili milimita 28. Pini nyembamba katika tundu pana hugonga kila trekta linapotikisika na kulipanua tundu. Kipande cha nondo, ambacho huonekana mara nyingi mahali pa pini, ni chuma laini: hupinda, hulika, na siku moja hukatika bledi ikiwa imeinuliwa. Msumari mahali pa kifungio cha pini una kasoro hiyo hiyo. Cheni za pembeni zikazwe kiasi cha kuizuia bledi isiyumbe.

Desturi ya kumsimamisha mtu juu ya bledi ili iongezeke uzito haifai kuvumiliwa hata kidogo. Mtikisiko mmoja humwangusha mbele ya ukingo. Uzito ukihitajika, yafungwe mawe au magunia ya mchanga, tena kwa kiasi. Bledi hushushwa ardhini na injini kuzimwa kabla mtu hajabadilisha pembe yake, na hakuna anayesimama kati ya trekta na bledi wakati dereva anarudi nyuma. Safarini bledi hubebwa chini chini, hasa kwenye mteremko, maana ikipandishwa juu sana trekta huwa jepesi kupinduka.

Kazi ikiisha, mikono ifutwe udongo na kuangaliwa. Mkono uliopinda ubadilishwe: kuunyoosha kwa moto na nyundo hudhoofisha chuma pale pale kilipoumia.