Mama mja mzito, uliza kipimo cha asidi ya foliki

Akina mama wajawazito huuliza: ikiwa asidi ya foliki ni vitamini nzuri, mbona nisimeze tembe yenye nguvu zaidi? Jibu, mpenzi msomaji, limo katika asidi nyingine ndogo iitwayo PABA.

PABA ni duara la kaboni 6, lenye kikundi cha asidi upande mmoja na kikundi cha naitrojeni upande wa pili. Mimea, bakteria na viini vya malaria huweza kuiunda, kisha huiunganisha na vipande vingine viwili kupata folati. Bila vitamini hiyo chembechembe za mwili haziwezi kugawanyika na kuongezeka. Mwanadamu hawezi kuunda folati. Sisi huipata ikiwa tayari katika kunde, maharagwe na mboga za majani.

Tofauti hiyo iliwapa madaktari silaha. Mwaka 1940, Mwingereza Donald Woods alieleza kwamba dawa za salfa hufanana mno na PABA. Kiini huichukua salfa badala ya PABA, na kazi ya kuunda folati ikakwama. Salfa ni nusu ya SP, dawa wanayopewa wajawazito wa Pwani na maeneo ya Ziwa Victoria kuwakinga na malaria. Nusu ya pili, pirimethamini, huiziba njia hiyo hiyo mbele kidogo.

Lakini ukimeza foliki nyingi mno, kiini cha malaria huweza kujichotea iliyo tayari mwilini mwako, na SP ikapungua nguvu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 0.4 kwa siku, na kuonya kwamba miligramu 5 au zaidi zisitumiwe pamoja na SP.

Hii si sababu ya kuacha foliki. Humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, na mama na upungufu wa damu. Soma pakiti, au umwombe muuguzi akusomee. Ikiwa daktari amekuandikia miligramu 5, labda kwa kuwa mtoto wa awali alizaliwa na kasoro hiyo, usiziache kwa uamuzi wako. Mweleze muuguzi kabla ya kupewa SP. Naye mama anayetumia Septrin kila siku asimeze SP, kwa maana zote mbili zina salfa.